Samuel Colt, Bwana wa Bastola ya Fataki

Bwana ninayetaka kumsimulia leo hakuwa mtu wa kwetu. Alikuwa Mmarekani wa mji wa Hartford, katika jimbo la Connecticut, na alifariki dunia mwaka 1862, kabla babu zetu wengi hawajazaliwa. Jina lake ni Samuel Colt. Najua jina hilo mmelisikia, maana nani kati yetu hajaingia sinema akamwona kauboi akichomoa bastola kiunoni? Lakini bastola ile ya makauboi ilianza kuundwa mwaka 1873, na mwenye jina wakati huo amekwisha kulala kaburini miaka kumi na mmoja. Bastola alizoziunda yeye mwenyewe, zilizomletea mali na sifa na lawama, zilikuwa za fataki.

Nami nilimjua mtu huyu kwa sababu ya kosa langu. Katika ujana wangu nilishuka melini Uingereza, nikapata kibarua katika duka moja la vitu vya kale mjini London. Siku moja tajiri wangu akanipa bastola kongwe, nyeusi-nyeusi, yenye madoa ya hudhurungi, akaniambia niipanguse kwa mafuta kidogo kisha aende zake chakula. Mimi nimelelewa na bibi ambaye kila mkesha wa Idi alituketisha uani kusugua masinia na mabirika ya shaba kwa majivu na ndimu mpaka tujione nyuso. Kwetu sisi chombo chenye doa ni aibu ya nyumba. Basi nikatafuta msasa, nikaisugua ile bastola kwa moyo wangu wote. Aliporudi ilikuwa inang'aa kama rupia mpya.

Hakunipigia kelele. Aliketi, akaigeuza-geuza, kisha akafungua kabati akatoa bastola nyingine iliyofanana na ile, akaiweka mbele yangu pamoja na kioo cha kukuzia. Juu ya lile pipa dogo la chuma linalozunguka, ambalo mafundi huliita silinda, niliona merikebu zimechorwa nyembamba kama unywele, matanga yamejaa upepo na moshi wa mizinga unapanda. Halafu akanionyesha yangu. Ilikuwa nyeupe, laini kama yai. Merikebu zote nilikuwa nimezizamisha mimi kwa msasa. Akanieleza kwamba asubuhi ile bastola ilikuwa na mnunuzi, na sasa thamani yake haifiki theluthi moja ya bei waliyokubaliana. Adhabu aliyonipa ni kukaa na bastola ile kila jioni mpaka nijue kila kipande chake, nani alikiunda, na kwa nini. Hivyo ndivyo nilivyoanza kumsoma Samuel Colt.

Jambo la kwanza nililofundishwa halikuhusu thamani hata kidogo. Nilifundishwa kutoiamini bastola ya zamani. Bastola ya fataki hujazwa kwa mbele: kila chumba cha silinda hutiwa baruti, juu yake hutiwa risasi ya duara, ikashindiliwa kwa mtaimbo mdogo ulio chini ya kasiba. Nyuma ya kila chumba kuna chuchu ya chuma, nayo huvalishwa fataki, yaani kikofia cha shaba chenye dawa inayolipuka ikigongwa. Sasa baruti ile ikikaa kavu haifi. Yaweza kulala miaka mia na hamsini ikiamka siku moja mkononi mwa mtoto. Kwa hiyo, mtu akikuletea silaha ya marehemu babu yake, usimwelekezee mtu, usiguse mtambo, angalia kwanza chuchu kama zina fataki, kisha pima kila chumba kwa kijiti chembamba uone kama ni kitupu mpaka chini. Ukiwa na shaka, mpe fundi wa bunduki. Baada ya hapo ndipo uzungumze habari za thamani.

Colt alizaliwa tarehe 19 Julai 1814. Baba yake, Christopher, alikuwa mfanyabiashara aliyepanda na kushuka. Mama yake, Sarah, alifariki kwa kifua kikuu mtoto akiwa bado mdogo sana. Alipofika umri wa miaka 11 alipelekwa kufanya kazi kwa mkulima, na baadaye katika kiwanda cha nguo cha baba yake katika mji wa Ware. Huko ndiko alikoonja utamu wa baruti. Mwaka 1829, sikukuu ya uhuru wa Marekani, kijana huyu wa miaka 14 aliwatangazia watu kwamba atalipua chelezo ziwani kwa nguvu za umeme. Mlipuko ulitokea, ila watazamaji waliovaa nguo zao za sikukuu walirudi nyumbani wametapakaa matope. Mwaka uliofuata akafanya mchezo wa moto shuleni Amherst, na masomo yake yakaishia hapo.

Baba akaona dawa ya mtoto huyu ni bahari. Mwaka 1830 akatiwa katika merikebu Corvo, iliyotoka Boston kwenda Calcutta, ikizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kukata bahari yetu hii ya Hindi. Safarini humo kijana alichonga mfano wa bastola kwa mti. Huu si uzushi, kwa sababu vipande vya mti huo vimehifadhiwa hata leo katika jumba la makumbusho la Wadsworth Atheneum, Hartford. Lakini alivyopata wazo lenyewe ni hadithi yenye matoleo mawili. Mwenyewe alipenda watu waamini kwamba aliutazama usukani wa merikebu, akaona kila unapozungushwa, kijiti chake kimoja huja mahali pale pale pa kufungiwa. Wengine husema huko India aliona bastola ya kuzunguka ya Elisha Collier, Mmarekani mwenzake aliyepata hataza London mwaka 1818, na kwamba usukani uliongezwa baadaye kama chumvi kwenye mchuzi. Mimi naelekea upande wa hao wa pili, ingawa sioni kwamba jambo hilo lampunguzia heshima. Ile ya Collier ilikuwa ya jiwe, tena silinda ikizungushwa kwa mkono. Colt aliunganisha mambo mawili: ukivuta nyundo kwa kidole gumba, silinda yenyewe huzunguka chumba kimoja, ikajifunga barabara mkabala wa kasiba. Ndiyo siri yote.

Hapa pana somo la pili kwa anayekagua bastola hizi. Vuta nyundo polepole, usikilize. Inapofika nusu yapasa ishike, na inapofika mwisho ishike tena, na silinda isicheze-cheze. Ikiteleza, au ikipita, basi meno ya ndani yamelika au mtu ameyachezea kwa tupa. Lakini jihadhari, usiiachie nyundo ipige chuma kitupu! Chuchu nyingi nilizoziona zimebonyea kwa ajili ya wageni wa sebuleni waliotaka kusikia mlio.

Wazo alilokuwa nalo, fedha hakuwa nazo. Akafanya nini? Akajibandika jina la Daktari Coult wa Calcutta, akazunguka miji ya Marekani na Kanada kati ya mwaka 1832 na 1835 akiwavutisha watu hewa ya kuchekesha kwa kiingilio. Watu walicheka na kurukaruka jukwaani, na senti zao zikaenda kwa mafundi waliokuwa wakimtengenezea mifano ya chuma, mmoja wao akiwa John Pearson wa Baltimore. Nacheka kila nikiifikiria habari hii, maana mtu ambaye silaha zake ziliwaliza wengi aliianza safari kwa kuwachekesha watu.

Mwaka 1835 akapata hataza Uingereza, na tarehe 25 Februari 1836 akaipata ya Marekani. Mwaka huo huo kiwanda kikafunguliwa Paterson, katika jimbo la New Jersey. Hakikudumu. Bastola zilikuwa ghali na laini mno, jeshi likazikataa, na wenye hisa wakagombana naye kwa jinsi alivyomwaga fedha katika karamu na zawadi za wakubwa. Itawafurahisha wasomaji kujua kwamba mwaka 1840, merikebu Sultana ya Seyyid Said ilipotia nanga New York kutoka Unguja na mjumbe wake Ahmad bin Naaman, kiwanda hicho kilikuwa mwendo mfupi tu kutoka bandari ile, na tayari kinakata roho. Mwaka 1842 kikafungwa. Bastola za Paterson zilizobaki ni chache, na ndiyo maana anayedhani ameokota moja sokoni kwa kawaida ameokota kitu kingine.

Mwaka huo ulikuwa mwaka wa msiba pia. Ndugu yake John, mwalimu wa hesabu za vitabu vya biashara, alimuua mpiga chapa mmoja New York katika ugomvi wa deni, mwaka 1841. Katika kesi, ikazuka shaka kwamba huenda marehemu alipigwa kwa bastola isiyo na mshindo, iliyotiwa fataki tupu bila baruti. Samuel akaitwa mahakamani kuonyesha, mbele ya hakimu na watu, fataki pekee yaweza kusukuma risasi kwa nguvu gani. Fikirini hali ya mtu huyo, akijaribu kazi ya mikono yake ili ndugu yake asinyongwe. Haikusaidia. John alihukumiwa kifo, na siku ya kunyongwa, Novemba 1842, alikutwa chumbani gerezani amejichoma kisu.

Miaka iliyofuata Samuel alihangaika na mabomu ya chini ya maji na nyaya za simu za maandishi. Sitakawia hapo. Serikali ilitazama merikebu ikilipuliwa mbele yake mwaka 1844, ikapiga makofi, haikununua.

Kilichomwinua ni vita. Mwaka 1846 Marekani ilipigana na Meksiko, na kapteni mmoja wa Texas, Samuel Walker, aliyekuwa amezitumia zile bastola za Paterson, akataka nyingine elfu moja, ila ziwe kubwa zaidi na zenye risasi sita badala ya tano. Colt hakuwa na kiwanda wala hata bastola moja ya kuigiza. Akazitengenezea katika kiwanda cha Eli Whitney mdogo, mwaka 1847. Zikatoka dude zenye uzito wa kilo mbili hivi, silaha ya kutundikwa kwenye tandiko la farasi, si ya kiunoni. Walker mwenyewe aliuawa vitani Oktoba mwaka ule ule.

Zote pamoja, za jeshi na za raia, Walker zilikuwa kama 1,100 tu, na nyingi ziliharibika mapema, maana askari walizijaza baruti kupita kiasi na chuma cha siku zile kikapasuka. Leo iliyosalimika ni mali isiyosemeka. Mwaka 2018 moja iliyonunuliwa zamani na nahodha Mdenmark, ikakaa ndani ya sanduku lake, iliuzwa mnadani Marekani kwa dola milioni 1.84. Na sababu haikuwa uchache peke yake. Ilikuwa na rangi yake ya kiwandani, na hapana mjukuu aliyeisugua.

Sasa tufike kwenye bastola ya makosa yangu. Hiyo ni ile iitwayo Navy ya mwaka 1851, yenye kasiba ya pembe nane yenye urefu wa sentimita 19, na vyumba sita. Jina la Navy lilitokana na ule mchoro wa merikebu, unaoonyesha vita vya bahari vya Mei 1843 kati ya Texas na Meksiko, karibu na Campeche. Mchoro huu uliviringishwa juu ya chuma kwa mashine. Colt alikuwa na shabaha mbili: bastola ipendeze, na mwigaji apate taabu kuiga. Ni mchoro usio na kina, ndiyo maana huwa wa kwanza kufutika, na ndiyo maana mkaguzi huukimbilia kwanza. Ukiona merikebu zote, matanga, na maandishi madogo ya hataza, ujue chuma hakikusafiri sana ndani ya ala wala hakikuona msasa. Ukiona nusu, basi tazama kama zimefutika upande mmoja, ambayo ni kazi ya ngozi ya ala na ya mwendo wa farasi, au zimefutika sawasawa pande zote, ambayo ni kazi ya mtu kama mimi.

Navy zilizotoka Hartford zilifika karibu 215,000, na za London karibu 42,000. Naam, London. Colt alipeleka bastola zake katika Maonyesho Makuu ya mwaka 1851, Waingereza wakashangaa, na mwaka 1853 akafungua kiwanda ukingoni mwa mto Thames, Pimlico. Wengi wa wafanyakazi wake hawakuwa mafundi wa bunduki hata kidogo. Kila mmoja alikaa na mashine yake akikata kipande kile kile kutwa, na vipande vikakutana mwisho kama vimekatwa na mkono mmoja. Aliyemtengenezea mitambo hiyo Hartford alikuwa Elisha Root, fundi mkimya ambaye jina lake hakuna kauboi anayelijua, na kwa maoni yangu nusu ya utukufu wa Colt ni wake. Kiwanda cha London kilifungwa baada ya miaka michache, Waingereza walipoelekea kwa wapinzani wake kama Robert Adams.

Kujua Navy ya London si kazi. Anwani juu ya kasiba hutaja London, kuna mihuri ya kupimwa ya Uingereza, na vipande vya mgongoni mwa mpini na vya kukinga kidole kwa kawaida ni vya chuma. Zile za Hartford huwa za shaba iliyotiwa maji ya fedha. Zilizonunuliwa na serikali ya Uingereza huwa na alama ya mshale. Za jeshi la Marekani huwa na mihuri ya wakaguzi kwenye mpini wa mjozi, na mihuri hiyo ikiwa bado ina kingo kali, mpini haujapigwa randa.

Lakini kitu kikubwa kuliko vyote ni nambari. Colt alipiga nambari moja ile ile karibu kila kipande: kasiba, kiunzi, silinda, mshindilio, kikinga kidole, mgongo wa mpini, hata ile kabari ndogo inayoshika kasiba isichomoke. Kiwandani zilisaidia vipande vya bastola moja visipotezane. Leo ndizo shahidi. Bastola zilipochakaa, askari na mafundi walizichanganya, silinda ya huyu kwa kasiba ya yule. Na wako wauzaji wa siku zetu wanaokusanya vipande vya maiti tano wakafanya mzima mmoja. Nambari zikikubaliana zote, una kitu. Ikiwa ni kabari tu inayotofautiana, si kitu cha kukosesha usingizi, maana kabari hupotea. Silinda ikitofautiana, bei huanguka. Na nambari ikiwa mbichi, kali kuliko chuma kilichoizunguka, au imekaa ndani ya bonde dogo lililokwanguliwa, kunja kitambaa chako uende zako.

Wamarekani wanazo daraja zao za kukadiria hali ya silaha kongwe. Bora sana ni ile yenye vipande vyote asilia na rangi ya kiwandani zaidi ya asilimia 80. Nzuri ni asilimia 30 kwenda juu. Chini ya hapo, hata kama rangi imekwisha kabisa, silaha yaweza bado kuitwa njema kiasi, mradi vipande vyote ni vyake. Angalieni ajabu hiyo. Rangi ikiondoka kwa umri husamehewa, ikarudishwa kwa ujanja haisamehewi. Kasiba na silinda zilikuwa na samawati iliyokoza. Kiunzi, nyundo na mshindilio zilichomwa zikatoka na rangi za mawingu-mawingu, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Samawati huzeeka ikawa hudhurungi tulivu, nayo hudhurungi hiyo mjuzi huipenda. Aliyepaka upya hujulikana: kingo za pembe nane zimelegea, herufi zimefifia, matundu ya skrubu yamebonyea kama visahani. Tazama pia vichwa vya skrubu kama vimetafunwa na bisibisi isiyo kadiri yake. Kuzunguka chuchu utaona vishimo vya kutu. Hivyo si aibu. Dawa ya fataki hula chuma, na vishimo vyaonyesha bastola ilifanya kazi iliyoundiwa.

Na ukiletewa Navy yenye kiunzi cha shaba ya manjano, uwe na shaka mara mbili. Colt alitumia chuma. Viunzi vya shaba vilikuwa vya waigaji wachache wa upande wa Kusini katika vita vya Marekani, nazo ni adimu sana. Vingine vyote ni nakala za Italia, ambazo zimekuwa zikiundwa tangu mwisho wa miaka ya 1950. Nakala hizo hazina kosa zikiuzwa kwa jina lao, na zina mihuri yake ya Kiitaliano, ila mihuri hiyo hufutwa na watu wasiomcha Mungu.

Juu ya kasiba hiyo hiyo pameandikwa cheo cha Colt, kanali. Maandishi ni asilia kabisa. Cheo chenyewe alikipata mwaka 1850 kwa gavana wa Connecticut, kwa urafiki wa siasa, wala hakupigana vita hata kimoja maishani. Ndivyo alivyokuwa bwana huyu. Alijua kwamba mnunuzi hununua na jina. Alitoa bastola za nakshi kwa wakubwa kama sisi tunavyotoa sinia za halua, mpaka mwaka 1854 Bunge la Marekani likaunda kamati kuchunguza zawadi zake kwa wabunge alipotaka hataza iongezwe muda.

Zawadi iliyo karibu na mioyo yetu ni ile aliyompa Sultani Abdul Majid wa dola ya Uthmania. Waliokwenda Madina kuzuru wanaujua Mlango wa Majidi katika Msikiti wa Mtume, uliopewa jina la Sultani huyu kwa sababu ndiye aliyeujenga upya msikiti ule katika karne iliyopita kabla ya hii tuliyoiacha. Colt alikwenda Istanbul mwaka 1849, na baadaye ikatengenezwa kwa ajili ya Sultani bastola aina ya Dragoon, nambari 12406, iliyotiwa dhahabu ndani ya chuma, na sura ya George Washington juu yake. Leo imo katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York. Nimesimama mbele ya kioo chake. Ni kamili, samawati yake kama usiku, dhahabu yake haijapoteza hata uzi. Na pacha wake yuko wapi? Yuko Urusi, katika jumba la Hermitage, kwa sababu pacha huyo Colt alimpa Mfalme Nicholas mwaka 1854, wakati Urusi na Uthmania zinauana katika vita vya Krimea. Dhahabu ile ile, fundi yule yule, mkono mmoja ukitoa kulia na kushoto. Wasifuo biashara watasema alikuwa hodari. Mimi niliisifu kazi ya fundi, nikatoka nje kupunga upepo.

Kwao pia alifanya vivyo hivyo. Majimbo ya Kusini yalipojitenga, aliendelea kuwauzia silaha mpaka siku chache baada ya mizinga ya kwanza kulia Aprili 1861, magazeti ya Kaskazini yakimwita msaliti. Halafu akaugeukia upande wa serikali, na kiwanda chake kipya cha Hartford, chenye kuba la samawati lenye nyota za dhahabu na sanamu ya mwanafarasi juu yake, kikafanya kazi usiku na mchana. Bastola ya Army ya mwaka 1860 ilinunuliwa na serikali zaidi ya laki moja.

Nyumbani hakuwa na bahati. Alimwoa Elizabeth Jarvis mwaka 1856, akamjengea jumba la Armsmear, lakini watoto wao walikufa wadogo, akapona mmoja tu, Caldwell, aliyefikia utu uzima. Mwenyewe jongo lilimtesa, akafariki tarehe 10 Januari 1862, umri miaka 47, akiacha mali iliyokisiwa dola milioni 15. Kiwanda kiliungua Februari 1864, na mjane akakijenga tena. Elizabeth ndiye aliyeyatunza makusanyo ya bastola za mumewe, akayausia jumba la Wadsworth Atheneum alipofariki mwaka 1905, pamoja na vile vijiti vya Corvo. Hakuna aliyevisugua.

Ile Navy niliyoiharibu tajiri wangu hakuiuza. Aliiweka dirishani na kikaratasi cha kueleza kwamba imesafishwa, maana kuficha kungekuwa kosa la pili. Jioni ya mwisho kabla sijaondoka London niliitoa kabari yake, nikaipandisha taa. Ubavuni, mahali ambapo msasa wangu haukufika, paliko na nambari, ndogo, imetulia katika hudhurungi yake, nayo ilikubaliana na ya kiunzi.